Punje Saba

Wanafunzi walimbandika mwalimu wao wa sayansi jina la Mama Mahindi, naye hakulichukia hata kidogo. Angelichukiaje, na mwenyewe ndiye aliyejitakia? Ikifika wiki ya somo lile, meza yake ilifurika kama duka linalohama: mafuta ya kupikia, gundi, bisi, chakula cha kuku, pakiti ya vidonge, mkeka uliosukwa kwa maganda. "Vyote hivi," aliwaambia wanafunzi wa darasa la saba, akizungusha hindi moja mkononi, "vina kitu kilichotoka humu." Na kila mwaka, kwa miaka ishirini na sita, sauti ilimtetemeka palepale.

Mshangao huo aliuanzia nyumbani. Baba yake alikuwa dobi. Akiwa mtoto mdogo alimwona akikoroga kanji ya mahindi kwenye ndoo, akachovya kola iliyolegea, akaipiga pasi, kola ikasimama wima. Mtoto akauliza kama kanji hiyo inatoka kwenye mahindi yaleyale wanayokula.

"Yaleyale, mwanangu," baba akajibu, "ila haya yamepata kazi ya ofisini."

Mtoto akacheka, lakini siku nzima hakuacha kuigusa ile kola.

Sasa nyuma ya darasa lake palikuwa na kishamba cha hatua kumi kwa nane, na mwalimu mkuu alikuwa amekikodolea macho. Alitaka kujenga ghala la madawati. "Mwalimu, nionyeshe kitu kimoja tu ambacho watoto wanakipata pale na hawakipati kitabuni," alimwambia mwanzoni mwa muhula. "Siku ya kuvuna nakuja na fundi. Nikikiona, shamba ni lako. Nisipokiona, fundi anapima." Mkuu alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, na neno lake lilikuwa kama jibu la hesabu: halibembelezwi.

Mama Mahindi akaingiwa na kiwewe. Kila mwaka aliyavisha mahindi mifuko ya karatasi ili ndege wasiyadonoe, lakini alingoja kwanza ndevu zikauke. Safari hii, kwa kuhofia hata punje moja isipotee, akaamuru mifuko ivishwe mapema, ndevu zikiwa bado hazijachomoza. Kila mwanafunzi na hindi lake, jina juu ya mfuko, na marufuku kufungua.

Siku ikafika. Mkuu akasimama na mikono nyuma, fundi pembeni na futi yake ya kuvuta. Mwanafunzi wa kwanza akafungua mfuko, akamenya. Gunzi tupu. Halikuwa na punje hata ya dawa. Wa pili, tupu. Wa tano, tupu. Mmoja akacheka, akaona uso wa mwalimu, akaacha.

"Mkuu, nianze kupima?" fundi akauliza.

Ndipo akili ikamrudia Mama Mahindi, nayo ikamrudia vibaya. Alijiona mjinga kuliko wajinga wote. "Kosa ni langu, watoto hawana hatia," akasema. "Kila udevu wa hindi una punje yake mwenyewe. Vumbi la kishada cha juu, yaani chavua, lazima liuangukie, ndiyo punje iumbike. Mimi nimezifunika ndevu zote. Nafundisha jambo hili miaka yote, nami ndiye nimelisahau."

Mkuu akatikisa kichwa. Fundi akaanza kuvuta futi.

Nyuma ya wenzake alisimama msichana waliyemwita Chungulia, kwa kuwa hakuna mlango aliopita bila kutia jicho. Alikuwa ameficha hindi lake mgongoni, na machozi yanamlengalenga.

"Mwalimu, mimi nilifungua," akasema. "Siku moja tu. Nilitaka kuona. Nikatoboa mfuko, nikavuta ndevu chache zikatokea nje, halafu nikaogopa, nikaziacha hivyohivyo."

"Chache ngapi?" mkuu akadakia. Kwenye namba hakuweza kujizuia.

Msichana akafungua daftari. Alikuwa amechora tundu la mfuko, na ndevu zikining'inia. Chini yake ameandika: saba.

Mama Mahindi akalipokea lile hindi. Kwa haraka aliyokuwa nayo maganda yakamshinda, mkuu ikabidi amsaidie kumenya. Gunzi lilikuwa jeupe, tupu, isipokuwa huku na huku zilikaa punje nono za manjano, kila moja peke yake.

Mkuu akahesabu kwa kidole. Akageuza gunzi, akahesabu tena. Akavua miwani, akaifuta, akahesabu mara ya tatu.

"Saba," akasema, kwa sauti ndogo ambayo shule ile haikuwahi kuisikia kwake.

Mama Mahindi alikuwa akilia waziwazi, wala hakujali. Miaka ishirini na sita alikuwa ameliamini jambo hili kwa sababu kitabu kilisema. Leo limekaa mkononi mwake, na limeletwa na mtoto aliyevunja amri yake.

"Sasa mkuu," fundi akauliza, "mambo ya futi vipi?"

"Ghala kalipimie kule kwenye choo cha zamani," mkuu akamjibu bila kuinua macho. Kisha akachuchumaa mbele ya Chungulia, suruali yake ya pasi ikigusa udongo. "Hebu nieleze polepole, mwanangu. Hilo tundu ulilitoboa upande gani?"