Nilivyosemwa Nikiwa Nimeachama

Leo nimesemwa nikiwa nimeachama, siwezi hata kujibu.

Niko kwa daktari wa meno hapa Songea, nafungwa waya wa kunyoosha meno. Kanipaka asidi ili meno yakwaruzike kidogo, gundi ishike.

"Dada, usifunge mdomo. Mate yakigusa tunaanza upya."

Basi mama wa mchumba wangu, aliyetusindikiza, akamwambia mwanawe kwa sauti: "Wasichana wenye meno yaliyopangika wameisha kwetu Namtumbo nzima?"

Mimi machozi yananiingia masikioni.

Mchumba wangu akacheka. Jamani, ALICHEKA.

Tulipotoka nje eti ananiuliza, "Mbona umenuna?"

Nikavua pete, nikampa. Nikapanda bodaboda peke yangu.

Sasa hivi anapiga simu, anasema mama alikuwa anatania.

Wenzangu, huo ni utani?