Dakika Kumi za Mama Nati

Umewahi kukaa dakika kumi nzima, msomaji, ukitazama chuma kilichosimama tu?

Saa moja asubuhi, katika ukumbi wa mikutano, Mama Nati anafanya hivyo. Ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na moja amekagua mashine hii inayompandisha fundi umeme hadi darini. Yeye hukagua, ufunguo hukaa kwa msimamizi, na mwenye ufunguo ndiye mwamuzi. Mara mbili mama alisema "haifai", na mashine ikapanda na mtu.

Ameanza chini. Amevuta gazeti alilolitandika jana chini ya mashine. "Wenzangu wanasoma habari, mimi nasoma matone," anasema. Leo kuna tone moja la mafuta, dogo kama punje ya mtama.

Ameshusha miguu minne ya kuegemea, akangoja povu la pimamaji litulie katikati. Mnyororo ameupapasa pingili kwa pingili. Kisha ameagiza ufunguo kwa msimamizi, ukaletwa, akapandisha kikapu kitupu.

Hapo ndipo mtu anaposahau kufumba kinywa. Mlingoti unazaa mlingoti, na huo unazaa mwingine, taratibu, mpaka kikapu kinafika mita tisa juu na kuonekana kama kibweta.

Mama amechora chaki pale mlingoti wa pili unapotoka ndani ya wa kwanza, akavuta kigoda.

"Shikamoo, mama. Wageni saa nne, taa sita hazijawaka!" msimamizi anaingia.

"Marahaba, baba. Ngoja."

"Jana si ilipanda vizuri?"

"Ya jana yalikwisha jana."

Fundi umeme, ambaye wenzake humwita Popo, keshafunga mkanda. "Mama huyu anautazama mlingoti kuliko mumewe."

"Mume wangu akishuka ghafla, Popo, huvunjiki kiuno wewe."

Wanacheka. Dakika ya kumi, mama anainuka kutazama. Mstari wa chaki umezama unene wa kidole.

"Mashine imeshuka yenyewe. Haipandi na mtu."

"Kidole kimoja tu!" Msimamizi anakishusha kikapu, anashika ufunguo. "Popo, ingia."

Popo anatazama chaki, kisha anamtazama mama. Polepole anafungua mkanda. "Bosi, leo nimekuwa mwoga. Niandike hivyo hivyo."

Wageni wanakaa nusu gizani. Mama anafungua boliti, na saa sita anatoa mpira unaozuia mafuta yanayoubeba mlingoti yasivuje. Umepasuka, ufa mrefu kama ukucha. Msimamizi anaugeuza kiganjani muda mrefu.

"Huu ndio uliokuwa umbebe Popo?"

"Ndio huo."

"Basi sema, mama. Unahitaji nini? Mpira mpya?"

Mama Nati anafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Mpira upo dukani, baba. Ninachotaka mimi, na nimekimeza miaka yote hii, ni ufunguo. Ukae mfukoni mwangu. Nikisema haipandi, isipande."