Gari ya Boniface na bwate ya boti

Ndugu zangu, leo nimesukuma gari na kitenge changu cha sikukuu!

Shemeji yangu Boniface alitia moteri ya kamyo, injini ya lori kabisa, ndani ya gari yake ya zamani, ya mbele ya vita. Sawa. Ikabaki bwate ya vitesi, lile sanduku la gia.

Fundi akamwambia: «Papa, kamata ya kamyo.»

Akakataa, eti bei. Akaenda bandarini, akanunua ya boti moja iliyokufa.

Ya boti! Vitesi moja ya kwenda mbele, moja ya kurudi nyuma, basi.

Hata hakuijaribu. Alituita kwanza tukunywe kasiksi, pombe yetu ya ndizi, maana gari mpya haitembei bila kunywewa pombe. Kisha tukapanda na wazee na mbuzi ya mahari, kwenda kumuombea Boniface muchumba, njia ya Rutshuru.

Kwenye mulima wa kwanza gari ikalia, ikasimama, ikaanza kurudi Goma.

Mbuzi ndiyo iliruka ya kwanza. Ile iko na akili.

Nyumba ya wakwe ilikuwa pale juu. Walitutazama tukisukuma, wazee na makoti yao. Baba ya binti akauliza polepole: «Hii nayo ni mahari?»

Sasa Boniface anasema bwate haina shida, shida ni mulima.

Mwenye kujua wapi wanauzisha milima ya bei rahisi, amwambie.