Maana ya Tatu ya "Pound"

Kamusi ya Bosibori ina kanuni moja: kila maana huandikwa pamoja na jina la mtu aliyeitoa. Ndiyo sababu imemchukua miaka kumi na mmoja. Mwalimu huyu mstaafu wa Nyansiongo hukusanya maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika Ekegusii, na maana isiyo na mwenyewe huifuta hata ikiwa sahihi.

Mwezi Mei, mpiga chapa wake mjini Kisii alikuwa akisubiri kurasa za herufi P. Neno moja lilikuwa limebaki, "pound". Kwa Waingereza hayo ni maneno matatu yaliyokuja kufanana. La uzani, ambalo baadaye likawa la fedha, lilitoka Kilatini. La kutwanga ni Kiingereza cha kale. La zizi la kufungia mifugo iliyopotea ni Kiingereza cha kale pia, ila shina lake ni jingine.

Juu ya shamba la Bosibori kuna kilima kiitwacho Epaundi. Majirani husema jina hilo linatokana na pauni za faini zilizolipwa huko zamani za walowezi. Yeye alishuku zizi. Mtu mmoja tu aliye hai alifanya kazi kilimani enzi hizo: Manasseh, mwenye miaka themanini na minne, baba mkwe wake.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kwa Abagusii, mkaza mwana na baba mkwe hutenganishwa na chinsoni, ile heshima inayowazuia kuzungumza kwa uhuru. Kwa miaka thelathini na mitatu wawili hao wamesalimiana kwa mbali, bila kupeana mikono. Bosibori alimtuma mumewe, Mokua. Lilikuwa kosa, kwa kuwa chinsoni huwabana baba na mwana vilevile. Mokua alirudi na jibu fupi: "Amesema palikuwa na ng'ombe."

Ikabidi aende binti yao Linda, mwalimu wa chekechea. Babu na mjukuu hutaniana wapendavyo.

"Umechelewa, mke wangu," Manasseh alimwambia. "Chai imepoa."

"Mume gani hata kuni hapasui?"

"Ungeniwahi nikiwa na meno."

"Babu, Epaundi palikuwa nini?"

"Unauliza wewe, au yule nisiyemtaja?"

"Nauliza mimi. Yule anaandika tu."

Mzee akacheka, kisha akaeleza. Palikuwa zizi la mawe, na yeye, akiwa na miaka kumi na saba, ndiye aliyeshika ufunguo. Faini zililipwa kwingine, maili mbili kutoka pale. Siku moja alimfungia ng'ombe wa Ochoki, ndugu wa baba yake. Ochoki alikuja kuomba, akamnyima. Ng'ombe yule alikuwa na ndama mchanga nyumbani. Siku ya nne ndama akafa.

Linda aliandika yote. Mama yake aliyasoma mara mbili. Jina la Manasseh likiwekwa pale, kila msomaji aliyekijua kisa hicho angejua kwamba mkaza mwana ameisikia aibu ya mkwewe. Lisipowekwa, maana ingefutwa. Alimrudisha Linda kuomba ruhusa.

"Langu hapana," mzee alisema. "Weka la Ochoki."

"Ochoki alishakufa, babu. Mama hataki jina la kubahatisha."

"Habahatishi. Mimi nilipaita 'kazini' tu. Ochoki ndiye aliyekuwa akiniita mbele ya watu, 'We wa Epaundi, ndama wangu yuko wapi?' Watu wakalishika jina hilo. Miaka saba aliniita hivyo."

Bosibori alikaa na jibu hilo siku mbili. Siku ya tatu aliandika: zizi la mifugo iliyopotea, imetoka kwa Ochoki, imepokewa na Linda. Habari za ndama hakuziandika. Jumatano kurasa za P zilipelekwa Kisii.

Manasseh ameomba asomewe ukurasa huo utakapochapwa. Atakayemsomea ni Linda.