Kompyuta ya Kumsomea Clotilde

Gaston alikuwa fundi wa kiwanda pale Likasi kwa miaka thelathini na miwili, na hakuwahi kukubali kushindwa na mashine. Basi binti yake Laure alipomtumia kutoka Lubumbashi kompyuta ndogo, kibao kitupu kisichozidi kiganja, hakuita mtu. Alivaa miwani, akakiunganisha na skrini ya televisheni, akaketi mezani.

Yote hayo kwa ajili ya mkewe. Clotilde alisoma masomo ya misa ya Kifaransa tangu usichana, mpaka macho yalipomzimikia mwaka juzi. Sasa padri alikuwa amempa somo la Jumapili. Kibao kingemsomea sikioni, sentensi kwa sentensi, naye angetangaza. Kunong'onezewa na mumewe mbele ya watu hakutaka hata kusikia. Ilikuwa Ijumaa, na kitenge chake kilikwisha pigwa pasi.

Programu ya kusoma ikagoma. Ilitaka Python, ile lugha inayoendesha programu nyingi, toleo jipya kuliko lililokuwamo. Wewe na mimi tungeongeza jipya kando. Lakini bohari ya kiwanda chao haikukupa vali mpya mpaka uweke ya zamani juu ya kaunta. Gaston, mtu wa adabu zake, akafuta toleo la zamani kwanza. Kompyuta ikamworodheshea vyote vitakavyoondoka nalo, ukurasa mzima, akajibu ndiyo. Skrini ikawa nyeusi.

"Papa Laure, mbona umenyamaza?" Clotilde akauliza kutoka jikoni.

"Niko nawaza."

"Ukiwaza hivi, iko kitu umeharibu."

Usiniambie Clotilde hampendi mumewe, anamjua mpaka kimya chake.

Jumamosi asubuhi Gaston akajikaza, akampigia Laure. Binti alicheka mpaka akakosa pumzi.

"Papa, ile ya zamani inabakia! Mashine yote inasimama juu yake. Mupya unaitengenezea chumba yake pembeni."

Akaanza upya. Akasafisha kadi ya kumbukumbu, akapakia mfumo upya, akaitengea programu chumba chake na toleo lake. Ikalalamika tena: kifurushi cha sauti hakipo. Safari hii aliongeza kilichokosekana, hakugusa kingine. Saa kumi sauti ya mwanamke ikatoka kwenye spika. Clotilde akaacha mihogo, akaja kusimama nyuma ya kiti, mkono wenye maji begani mwa mumewe. Walilirudia somo mara nane.

Jumapili akapanda mimbarini, kibao na betri mkobani, waya sikioni. Gaston alishika benchi kwa mikono miwili. Mkewe akagusa waya sikioni, kisha sauti yake ile ikajaa kanisa, neno kwa neno, haikukosea hata mahali pamoja. Gaston alilia wazi, bila aibu, mbele ya mafundi wenzake wa zamani.

Clotilde akarudi akipapasa benchi, akaketi, akamwinamia.

"Kesho uitengeneze tena ile mashine," akasema. "Leo iliniacha njiani, nikasema somo kwa kichwa. Iko na haraka kupita Mungu."