Sponji Iliyolala Upande

Kwenye mtaa wa mafundi, kati ya duka la vipuri na kibanda cha kuziba pancha, kulikuwa na mwanamke aliyeshona viti vya magari. Watu walimwita Mama Viti, naye akaitika. Kazi aliianza akiwa bado binti, akimshikia mumewe ngozi ivutike huku mume akipiga stepla. Mume alipofariki, akabaki na mashine nzito ya kushonea, mkasi mkubwa na mtoto mmoja wa kiume.

Sifa yake ilikuwa moja, na kila dereva aliijua: gari halikutoka mikononi mwake na kiti kilichobonyea. Ukimletea gari ashone mfuko wa mlango, alipitisha kiganja kwenye kiti pia, na akikuta sponji imekufa alikitia sponji mpya bila kuulizwa. Madereva walirudi kumshukuru.

Tena alikuwa mwoga kupita kiasi, si kwa nafsi yake, kwa mwanawe. Kijana alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, lakini wingu likitanda tu, mama keshashika simu. "Uko wapi? Umefunga mkanda?"

Fundi pancha alikuwa hamwachi. "Mama Viti, huyo mtoto ungeweza ungemshonea kifuniko, umvishe akitoka umvue akirudi."

"Aje nimpime," alijibu, na hakuwa anatania sana.

Kijana alikuwa mtunza magari kwa tajiri mmoja ambaye starehe yake ilikuwa kukusanya magari yasiyopatikana. Aliyafuta vumbi, akayawasha yasigande, akayafunika. Halafu likaja gari moja ambalo tangu lifike, nyumbani hapakuwa na hadithi nyingine mezani.

"Mama, mwili wake si bati. Ni nyuzi za kaboni, zinabandikwa tabaka juu ya tabaka, kisha zinaokwa kwenye tanuri. Walioliunda ni watu wa magari ya mashindano. Wakatengeneza machache tu, wakavunja kalibu."

"Na breki zake?"

"Nilijua utauliza breki! Hizo hizo za mashindano. Ukikanyaga, macho yanataka kutangulia mbele."

Mama akaweka kijiko chini. "Na wewe unalipanda?"

"Naliwasha tu. Ila..." Kijana akatabasamu mpaka meno ya mwisho yakaonekana. "Bosi kasema siku ya maonyesho nitaliendesha mimi. Nitaliingiza uwanjani, watu wote wakiangalia."

Mama alifurahi na kuogopa kwa pamoja, asijue kipi kimetangulia. Mtoto aliyeanza kazi kwa ndoo na kitambaa, leo apewe ufunguo wa gari lile! Alitaka siku hiyo ifike, na alitaka ipite salama.

Yakiwa yamekaribia maonyesho, mshono wa kiti cha dereva ukaachia pembeni. Bosi alipoanza kutafuta fundi, kijana akasema kwa kujivuna, "Mama yangu anashona." Bosi akakubali. Kijana akakifungua kiti, akakiviringisha kwenye shuka safi, akakileta kibandani akiwa amekibeba kama mtoto mchanga.

"Mshono huu tu, Mama." Akauonyesha kwa kidole. "Kingine chochote usiguse. Kesho asubuhi nakifuata."

"Nimekusikia, baba."

Na kweli alikuwa amesikia. Mshono wenyewe haukumchukua muda. Lakini alipomaliza, kiganja chake kikafanya kama kilivyozoea, kikapita juu ya kiti. Sponji ilikuwa ngumu kama mkate wa juzi, tena imelala upande. Kushoto ilikuwa juu, kulia imezama, na mgongoni palikuwa na nundu. Akakiweka kiti sakafuni, akakikalia. Kikamsukuma kulia.

Akamwona mwanawe uwanjani, amepinda kama mtu mwenye kichomi, macho ya watu yote kwake, na breki zile za kutoa macho. Akakumbuka jioni moja kijana alivyorudi kazini ameshika kiuno, akidai si kitu.

Alichukua simu. Aliitafuta namba ya kijana, akaitazama, kisha akairudisha simu chini ya vitambaa. Alijua atajibiwa nini. Akajisemea moyoni kwamba akiuliza atakataliwa, asipouliza atashukuriwa, kama wote wanavyomshukuru.

Akafumua kifuniko polepole asiharibu kitambaa. Sponji ya zamani ilikuwa imegandia ndani, akaing'oa vipande vipande. Akakata mpya, akaipima kwa rula kushoto na kulia, akaibandika, akarudisha kifuniko kwenye mishono ile ile. Tangu mumewe afariki hakuwahi kushona kitu kwa utulivu namna ile. Mabaki aliyakatakata akayatia kwenye gunia la kujazia, na dereva wa lori alipopita jioni akilalamikia kiti chake, akamjazia mabaki hayo hayo, na lori likaenda zake safari ya mbali.

Asubuhi kijana alipokiinua kiti, uso wake ulibadilika kabla hajakigeuza. Akakibonyeza kushoto, akakibonyeza kulia.

"Mama. Umefanya nini?"

"Kilikuwa kimekufa, mwanangu. Kimelala upande. Nikasema ukae vizuri, usije ukaumia mgongo."

"Hakikufa. Kilimiminwa hivyo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dereva wake wa kwanza wa mashindano alikalishwa humo, wakamimina povu likagandia mwili wake. Alishavunjika nyonga, ndiyo maana upande mmoja ulikuwa juu. Lile lilikuwa umbo lake, Mama. Watu wanavuka bahari kuja kukitazama kiti hicho. Iko wapi ile sponji ya zamani?"

Mama alitazama gunia tupu.

"Mbona hukuniambia kwamba ni umbo la mtu?" alisema, na hapo hapo akatamani angenyamaza.

"Nilikwambia usiguse."

Bosi alikuja mwenyewe. Mama Viti alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata akapanga ya kujibu. Yule mtu hakutukana. Alichuchumaa, akapapasa kiti upande huu na upande ule. Fundi pancha, ambaye hajawahi kukosa neno, alijitia anatafuta bisibisi.

"Kila kitu kwenye gari lile kikiharibika naweza kuagiza kingine," bosi alisema. "Hiki tu ndicho nilikuwa siwezi." Akasimama, akajipangusa magoti. "Kazi yako ni safi sana, mama."

Sifa hiyo ilimchoma kuliko tusi lolote.

"Usimfukuze," alisema. "Kosa ni langu peke yangu. Yeye alinikataza."

"Simfukuzi," bosi akasema, akaenda zake.

Siku ya maonyesho mama alikwenda, akajibanza nyuma ya watu. Gari likaingia uwanjani chini kwa chini, limelala kama paka anayenyemelea, na mngurumo wake ukampenya kifuani. Nyuma ya usukani alikaa dereva mwingine, mtu wa kukodi, amenyooka sawasawa. Mwanawe alikuwa amesimama na sare yake kando ya kamba ya kuzuia watu, akiwaambia watu warudi nyuma. Gari lilipompita hakuligeukia. Alikuwa akimwelekeza bibi mmoja mahali pa kukaa.

Nyumbani mama alisubiri mpaka kijana amalize kunawa mikono.

"Mwanangu, nisamehe."

"Yameisha, Mama."

"Hayajaisha. Nitukane basi, nipumue."

"Nikutukanie nini? Ulitaka nikae vizuri." Akavuta sahani. "Chakula kitapoa."

Na hiyo ndiyo ikawa namna yao. Kijana hakununa, hakuhama, hakukosa kumsalimia. Alipopigiwa simu ya mawingu alipokea na kusema amefunga mkanda. Lakini habari za magari hazikufika tena mezani. Mama akiuliza, "Na lile gari?" anajibiwa, "Lipo," na kijiko kinaendelea na kazi yake. Akajikuta anaikumbuka hata ile habari ya macho kutangulia mbele, ambayo siku ile ilimtoa jasho.

Kibandani aliendelea kushona. Wateja walishangaa kidogo, maana siku hizi aliuliza kabla ya kila kitu, hata uzi ukiwa unaning'inia: "Niukate?" Fundi pancha alitaka kumtania juu ya hilo, akamtazama usoni, akaacha.

Jumamosi moja alikuwa akikunja nguo zilizokauka, akakuta koti la kazi la mwanawe. Mfuko wake ulikuwa umechanika, na umeshonwa tayari. Aliusogeza dirishani. Ilikuwa mashine ya fundi mwingine, labda yule wa barabara ya juu. Hatua za sindano zilikuwa ndefu, uzi si wa rangi yake, na pembe haikufungwa. Wiki mbili, au zikizidi tatu, ungeachia.

Mkasi ulikuwa palepale juu ya meza, na uzi wa rangi ile ile ya koti ulikuwa ndani ya kopo. Vidole vilimwasha.

Alilikunja koti kwa uangalifu, mfuko ukiwa ndani, akalipeleka kitandani kwa mwanawe na kuliweka juu ya nguo nyingine.

Kijana alipoingia alilichukua, akalivaa, akatia mkono mfukoni.

"Asante kwa kunifulia, Mama," akasema.

"Haya, baba," akajibu. Alimtazama akitoka mpaka getini, na hakumwambia kwamba mfuko ule hautakaa.