Nilisema ni nyigu, kumbe ni nzi wa Mama Shiku

Wakuu, sasa. Leo sijakuja kugombeza mtu. Nimekuja na yangu, na sitaongeza chumvi.

Mnanijua, mimi nyanya yenu, Shosho. Mtu akipost mdudu hapa, mimi ndiye wa kwanza kujibu. Shule sikukaa sana, lakini wadudu nimeishi nao.

Sasa Mama Shiku wa Dagoretti akaweka picha. Alikuwa amenunua mayai ya wale nzi weusi, wa kuzaa funza wa kulisha kuku. Funza wakatoka, akawalea na maganda ya jikoni mpaka wakageuka nzi ndani ya neti.

Akauliza: "Shosho, hii ni nzi kweli, ama nimeuziwa nyigu?"

Picha ilipigwa kutoka juu. Mabawa yamekunjwa mgongoni. Mdudu mweusi, mrefu, kiuno kama kimekatwa.

Nikaandika: "Nyigu hao. Wamwagie maji moto kabla hawajauma watoto."

Likes zikajaa. Nikajiona mtu.

Mama Shiku akamwaga. Wakaisha wote.

Kisha akabeba wale waliokufa kwa mkebe mpaka soko, akamwita muuzaji mwizi mbele ya watu.

Jamaa akatoa mmoja, akamfungua mabawa na njiti ya kiberiti.

"Hesabu. Mawili. Nyigu ako na manne. Nani alikudanganya?"

"Ni Shosho wa forum."

"Basi enda Shosho akuuzie mayai!"

Soko yote ikacheka. Mama Shiku aliandika hayo hapa hapa, bila kunitukana. Heri angenitukana.

Nikamtafuta, tukaenda pamoja kuomba msamaha. Muuzaji akanipa kiti, akanisalimia vizuri. Lakini Mama Shiku, muuzaji hakumwangalia hata.

Akaniambia, "Wewe Shosho ulikosea mdudu. Huyu aliniita mwizi."

Tukarudi bila mayai.

Huko Dagoretti ni huyo muuzaji tu anauza hayo mayai. Mama Shiku, feed ya duka, chakula cha kuku cha kununua, imemshinda bei, sasa anapunguza kuku. Nikimuuliza anasema, "Ni sawa, Shosho." Si sawa.

Nimejifunza hivi: picha moja ya juu haitoshi. Itisha ya upande, mabawa yakionekana. Na kama hujui, andika sijui. Haiumi.

Haya, semeni. Na kama kuna mtu anauza hayo mayai, hata kama ni mbali huko Loresho, andika hapo chini. Mama Shiku bado anasoma hapa.

Weka na picha ya nzi wako. Wengine watakuambia ni mdudu gani. Mimi nitanyamaza.